Kichocho ziwani: Chaza hana kosa, turekebishe usafi wetu

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Aliyeumba maji na Akajaalia uhai ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetufundisha kutanguliza tohara kabla ya kusimama kwenye swala.

Leo tunazungumzia jambo linalowagusa wote waishio kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi Magu, Sengerema na visiwa vya Ukerewe. Ukishuka mwaloni asubuhi, ziwa likiwa limetulia, utaona maganda mengi yaliyotupwa mchangani na mawimbi. Mengine yamezunguka kama pembe ndogo iliyosokotwa. Mengine yana vipande viwili vilivyoungana upande mmoja, vinafunguka na kufunga mfano wa kifuniko cha sanduku, na ndani vinang'aa kama lulu.

Wengi wetu tunayaita yote konokono. Na kwa kuwa tumesikia shuleni na zahanati kwamba konokono ndiye anayeeneza kichocho, hukumu yetu huwa moja: wote ni maadui, wakionekana wapondwe, na ikipatikana sumu wamwagiwe.

Ndugu msomaji, hukumu hiyo ina kosa, na kosa hilo linatugharimu mara mbili. Kwanza, tunamdhulumu kiumbe asiyebeba kichocho kabisa, tena anayetusaidia kusafisha maji. Pili, tukishamtwisha mnyama lawama yote, tunasahau kwamba ugonjwa huu huingia majini ukitokea kwetu sisi wenyewe.

Chaza ni nani?

Yule mwenye gamba la vipande viwili ni jamaa wa chaza tunaowajua watu wa pwani, ila yeye anaishi katika maji baridi ya mito na maziwa. Hapa tutamwita chaza wa maji baridi. Katika Surat Faatir, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anatutajia maji ya aina mbili, matamu na ya chumvi, na kwamba humo tunapata nyama laini na mapambo ya kuvaa. Watu wengi wanadhani lulu hutoka baharini tu. Lakini lulu hupatikana pia kwa chaza wa maji baridi, na nchi ya China leo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha lulu za namna hiyo katika mabwawa.

Katika Ziwa Victoria na mito yake wapo chaza wa aina kadhaa. Wengine ni wadogo, hawazidi urefu wa kidole gumba, nao hujifukia kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi. Wengine ni warefu na wembamba. Yuko pia aina moja, kitaalamu Etheria elliptica, ambaye hajifukii bali hujigandisha juu ya mawe na kukaa hapo maisha yake yote.

Chaza hana meno, wala hawindi. Anachofanya ni kuvuta maji kwa tundu moja, kuyapitisha kwenye mashavu yake yaliyo mfano wa chujio, kisha kuyatoa kwa tundu jingine. Katika kuchuja huko anashika chembe za uchafu, bakteria na ule ukijani unaoelea majini, navyo ndivyo chakula chake. Asichokihitaji anakifunga kama uji mzito na kukiacha chini kwenye tope, ambapo wadudu wadogo hukila, na samaki wakawala wadudu hao. Wataalamu waliopima chaza wakubwa wa maji baridi katika nchi nyingine wameona kwamba mmoja tu huweza kuchuja makumi ya lita kwa siku. Sasa fikiria mchanga wenye chaza maelfu. Hiyo ni kazi ya mtambo, nayo inafanyika bila umeme na bila bili ya mwezi.

Chaza pia ni chakula cha viumbe wengine. Kamongo humvunja gamba kwa meno yake yenye nguvu. Yuko korongo mweusi ambaye midomo yake imeachana katikati na kubaki na upenyo. Naye huonekana kandokando ya ziwa akitafuta konokono na chaza kwenye tope. Katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, tunafahamishwa kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu. Umma huu wa chini ya maji nao umo katika hesabu ya Mola wake.

Mtoto wa chaza hubebwa na samaki

Hapa pana jambo la kumshangaza mwenye akili. Chaza mkubwa hutembea kwa shida, anajisukuma kwa mguu mmoja wa nyama, na safari yake ya siku nzima inaweza isifike upande wa pili wa mkeka. Basi watoto wake wanafikaje mbali, tena kupanda mto dhidi ya mkondo?

Jibu ni kwamba hubebwa na samaki. Mwaka 1961 mtaalamu Mwingereza Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa samaki cha Jinja, Uganda, mahali ambapo mto Nile hutoka Ziwa Victoria, alichapisha maelezo ya maisha ya chaza mmoja wa huko aitwaye kitaalamu Mutela bourguignati. Aligundua kwamba mtoto wa chaza huyo hujishikiza kwenye ngozi ya samaki mkubwa wa mtoni, akaota hapo mfano wa mche mdogo, akalelewa na mwili wa samaki mpaka akomae. Kisha huanguka chini na kuanza maisha yake mwenyewe. Subhaanallah.

Maana yake ni kwamba chaza hawezi kuhifadhiwa peke yake. Samaki wa mtoni wakivuliwa wote kwa nyavu haramu wakati wa kupanda kutaga, chaza anakosa mlezi wa watoto wake. Wazee watabaki wanaishi miaka kadhaa bila kizazi, kisha nao watatoweka. Tutayaona maganda ufukweni tukadhani wapo, kumbe maganda hudumu muda mrefu baada ya mwenyewe kufa.

Huu si wasiwasi wa bure. Chaza wa maji baridi ni miongoni mwa wanyama walio hatarini zaidi duniani. Nchini Marekani, mnamo Oktoba 2023, serikali ilitangaza rasmi kwamba viumbe 21 vimetoweka kabisa, na kati yao 8 walikuwa chaza wa mtoni. Waliuawa na mabwawa, uchafu wa viwanda na udongo ulioporomoka kutoka mashambani.

Konokono wa kichocho ni wepi?

Sasa tumrudie mtuhumiwa. Kichocho hakibebwi na chaza hata mmoja. Kinabebwa na konokono wa maji baridi, tena si wote, bali aina chache tu.

Kwetu huku zipo namna mbili za kichocho. Ya kwanza ni kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimetawala ufukweni na visiwani. Konokono wake ana gamba bapa lililozungushwa kama kamba iliyolazwa chini, na hupenda kukaa kwenye matete, majani na magugu ya maji kandokando ya ziwa. Wako wa jamii hiyo hiyo wanaoishi kwenye maji ya kina zaidi, kwa hiyo usidhani kwamba ukiruka kutoka kwenye mtumbwi umesalimika. Ya pili ni kichocho cha mkojo, ambacho kimeenea zaidi ndani, mbali na ziwa, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Konokono wake ana gamba lililochongoka kidogo, na baadhi yao huweza kujificha kwenye tope lililokauka mpaka mvua irudi.

Kwa hiyo kanuni nyepesi ya kumfundisha mtoto ni hii: gamba la vipande viwili, huyo si wa kichocho, gamba moja lililozunguka, usimguse na usioge hapo alipo.

Ugonjwa unavyozunguka

Minyoo ya kichocho imewatesa binadamu tangu zama za Mafirauni. Mayai yake yamekutwa ndani ya maiti za kale za Misri zilizokaushwa. Minyoo yenyewe ilitambuliwa mwaka 1851 mjini Cairo na daktari Mjerumani Theodor Bilharz, na mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, akiwa huko huko Misri, akathibitisha kwamba lazima ipite kwa konokono kabla ya kumwingia mtu.

Mzunguko wake ni huu. Mtu mgonjwa anakwenda haja ndani ya maji au kando yake. Mayai yaliyomo kwenye kinyesi au mkojo yakigusa maji baridi hupasuka, na kijidudu kidogo hutoka kumtafuta konokono. Kina muda wa saa chache tu, kisipompata kinakufa. Kikimpata huzaliana ndani yake, na baada ya wiki kadhaa konokono huyo mmoja huanza kumwaga majini vijidudu vyenye mkia, kila siku, kwa mamia na hata maelfu. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa limepanda, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi mchana, saa zile zile ambazo akina mama wanafua na watoto wanaogelea. Kijidudu kikigusa ngozi huipenya ndani ya dakika chache. Hakihitaji kidonda wala kumezwa.

Hebu tazama sasa, ndugu msomaji. Konokono hazaliwi na kichocho. Anapozaliwa hana ugonjwa. Anaambukizwa na sisi, kwa kinyesi chetu na mkojo wetu. Mayai hayo yakikosa kufika majini, konokono angeweza kujaa ziwa zima na asimdhuru mtu hata mmoja kwa kichocho.

Najisi ya majini na mafunzo ya dini yetu

Waislamu hatukuachwa gizani katika jambo hili. Katika hadithi zilizopokewa na maimamu Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, ametutahadharisha na mambo matatu yanayoleta laana, na la kwanza lake ni kwenda haja mahali pa maji. Mengine ni njiani na kivulini wanapopumzika watu.

Lakini tuseme ukweli, maana safu hii haikuwekwa kwa ajili ya kubembelezana. Katika miji na makambi ya wavuvi, Waislamu ni miongoni mwa wanaojisaidia kando ya maji, na wengine hutoa sababu ya dini! Husema: mimi lazima nistanji, na maji yako ziwani, basi nitakwenda haja palepale penye maji. Huku ni kuichukua sunna ya usafi na kuifanya chombo cha kusambaza najisi. Aliyekuamrisha kustanji ndiye aliyekukataza kuchafua maji. Njia ya kuyatimiza yote mawili ni rahisi mno: chota maji kwenye birika au kopo, nenda nayo chooni au mbali na ufuko, malizia haja yako na istinjaa yako huko huko. Maji yahamie kwa mtu, siyo mtu na najisi yake ahamie kwenye maji.

Zipo pia sababu zisizo za uzembe. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba nyingi za Igogo, Mabatini na milima mingine zimejengwa juu ya majabali, kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo na patasi, na gari la kunyonya maji taka halipandi. Mvua kubwa ikinyesha, vyoo vinavyofurika au kufunguliwa makusudi vinamwaga kila kitu kwenye mitaro, mitaro inaingia mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji, na Mirongo unaingia ziwani. Katika miaka ya karibuni mamlaka ya maji ya Mwanza imeanza kutandaza mabomba madogo ya maji taka katika baadhi ya vilima hivyo, ili nyumba ziunganishwe bila kuchimba mashimo. Ukipatiwa nafasi ya kuunganishwa, usiipuuze. Na mwenye kufungulia choo chake wakati wa mvua ajue kwamba anawanywesha najisi majirani zake.

Je, tuwaue konokono kwa sumu?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Dawa ya kuua konokono ipo, inaitwa niklosamaidi, na Shirika la Afya Duniani linaikubali katika mipango maalumu inayosimamiwa na wataalamu, hasa kwenye sehemu ndogo zenye maambukizi mengi. Lakini dawa hiyo huua samaki pia. Mtu binafsi akimwaga sumu yoyote, achilia mbali zile za pamba na nyanya, atawaua samaki, chaza na kila kilichomo, na atawalisha watu sumu. Tena baada ya muda konokono hurudi, kwani huzaa haraka. Chaza hukua polepole na anamhitaji samaki wa kumlelea, kwa hiyo yeye huenda asirudi. Tutakuwa tumempoteza rafiki na kubaki na adui.

Tunaweza kujifunza kwa ndugu zetu wa Senegal. Mwaka 1986 lilikamilika bwawa la Diama karibu na mdomo wa mto Senegal. Maji ya chumvi yakazuiwa, kilimo cha umwagiliaji kikapanuka, na kamba wa mtoni waliokuwa wakila konokono wakazuiwa kupanda mto kutokea baharini. Ndani ya miaka michache kichocho cha tumbo kilizuka vibaya katika mji wa Richard-Toll. Baadaye watafiti waliwarudisha kamba hao katika kijiji kimoja kwa majaribio, na maambukizi yakapungua. Mizani aliyoiweka Muumba ikivurugwa, madhara yanaturudia. Katika ziwa letu nako wapo samaki walao konokono, wakiwemo kamongo na baadhi ya furu. Furu walipungua mno katika miaka ya 1980 baada ya sangara kuenea. Tuwatunze waliobaki.

Udhu na maji ya ziwa

Wapo watakaouliza: je, maji ya ziwa hayafai tena kwa udhu? Hapa tutofautishe mambo mawili. Tohara ni jambo moja, usalama wa mwili ni jambo jingine. Maji mengi kama ya ziwa kwa asili ni tohara, nayo hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi, kama wanavyoeleza mafakihi. Lakini maji yanaweza kuwa tohara kwa swala na bado yakawa na vijidudu vya kichocho visivyoonekana kwa macho. Na katika Surat Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi.

Kwa hiyo wanaoishi mahali pasipo na bomba wafanye hivi:

Kwanza, maji yachotwe mapema asubuhi, kabla jua halijapanda, mahali pasipo na matete wala magugu, kisha yachujwe kwa kitambaa safi ili konokono wasiingie.

Pili, yahifadhiwe kwenye pipa au simtanki lenye mfuniko kwa siku mbili kabla ya kutumika. Vijidudu vya kichocho, visipompata mtu, hufa ndani ya muda huo. Hivyo pipa mbili za zamu, moja inatumika na moja inasubiri, zinatosha kuulinda msikiti mzima wa mwaloni.

Tatu, anayetaka kuoga haraka ayachemshe maji kwanza, kisha ayaache yapoe. Kujifuta kwa taulo baada ya kutoka ziwani si kinga ya kutegemewa.

Nne, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote hata kama yamekaa siku mbili, kwa sababu kukaa kunaua kichocho lakini hakuui vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Tano, wavuvi na wachimba mchanga, ambao hawana budi kuingia majini, wavae mabuti pale inapowezekana na wasikose dawa zinapogawiwa.

Dalili, tiba na heshima ya ndoa

Kichocho cha tumbo huanza kimya. Mtu anasikia tumbo kuuma, anaharisha, pengine anaona damu kwenye choo. Akipuuza miaka mingi, ini na bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula huweza kupasuka akatapika damu. Haya si masimulizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wagonjwa waliolazwa Bugando kwa kutapika damu ulionyesha jinsi kichocho kinavyohusika na tatizo hilo hapa Mwanza. Wako wanaopelekwa kwa waganga wakidhaniwa wamerogwa, mpaka muda unapita.

Kichocho cha mkojo huleta damu kwenye mkojo. Kuna vijiji ambako mvulana akikojoa damu huambiwa amebalehe. Huo ni ujinga unaoua. Kwa wanawake, mayai ya kichocho hiki huweza kukwama kwenye sehemu za uzazi yakaleta vidonda, maumivu, kutokwa damu na hata ugumba. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Basi mume anamtuhumu mkewe, familia inaingia fitina, na talaka inatoka, kumbe mama wa watu aliambukizwa akichota maji lamboni alipokuwa binti mdogo. Ndugu zangu, kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa. Nendeni hospitali kwanza, mkapime.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wa mtu, na ni vizuri kuimeza baada ya kula. Hugawiwa mashuleni kwa vipindi, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopanua ugawaji kuanzia watoto wa miaka 2 hadi watu wazima, wakiwemo wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kizunguzungu au tumbo kusokota baada ya kumeza si sumu. Mara nyingi ni minyoo inayokufa, na hali hupita. Kumzuia mtoto kwa uvumi wa mitaani ni kumdhulumu.

Hata hivyo dawa haizuii maambukizi mapya. Katika Kisiwa cha Kome, kati ya mwaka 2009 na 2012, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, walishirikiana na wenzao wa Korea kugawa dawa na wakati huo huo kuwafundisha wanavijiji kutazama wenyewe uchafu unavyosafiri kutoka kichakani hadi mdomoni, kisha wajipangie vyoo na maji salama. Funzo lake ni kwamba kidonge na choo ni lazima vitembee pamoja.

Tumhifadhije chaza?

Habari njema ni kwamba yale yale yanayomwokoa binadamu na kichocho ndiyo yanayomwokoa chaza. Chaza huchuja uchafu, lakini akizidiwa hufa. Maji taka yakizidi, ukijani hukua kupita kiasi, ukioza unamaliza hewa ya majini, naye hukosa pumzi. Udongo unaoletwa na mito kama Simiyu kutoka mashamba yasiyo na matuta humfukia. Kokoro linalokokotwa chini humng'oa pamoja na mazalia ya samaki. Kuchimba mchanga ufukweni kunamnyang'anya nyumba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Tuiheshimu mita hiyo. Tuache matete na miti ya asili ikingoni mwa mito izuie udongo. Na tusichimbe choo wala kumwaga takataka ndani yake.

Kuhusu kumla chaza, masheikh wana maelezo yao ya kifiqhi, na mwenye shaka awaulize. Kwa upande wa afya tunasema hivi: kwa kuwa yeye ni chujio, mwili wake hukusanya vijidudu na sumu za mahali alipo. Yule aliyeokotwa karibu na mtaro wa maji taka au sehemu inayosafishwa dhahabu kwa zebaki asiliwe kabisa.

Kamati za misikiti iliyo mwaloni zianze Ijumaa hii kwa mambo matatu: choo kinachofungika chenye kopo la maji, pipa mbili za udhu zenye mfuniko, na dakika tano za imamu kuwakumbusha waumini hadithi ya maji. Walimu wa madrasa wawapeleke watoto ufukweni, wawaonyeshe gamba la vipande viwili na gamba lililozunguka, wawaeleze yupi ni yupi.

Katika Surat Ar-Ruum, aya ya 41, tunaambiwa kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili tuonje baadhi ya tuliyoyatenda, huenda tukarejea. Kichocho ni sehemu ya kuonja huko. Tuliyachafua maji, maji yakaturudishia. Na mlango wa kurejea uko wazi, unaanzia chooni.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki ya kuyatunza maji Yake, awaponye wagonjwa wetu na atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.